Mguu wa Kushoto wa Mama

"Hatua ya sita umekosea," msimamizi wangu alisema mbele ya jopo zima la watahini, nilipomaliza kucheza ngoma niliyoiandikia tasnifu. "Mguu wako wa kushoto hausiti."

Hausiti kwa sababu haupaswi kusita! Nilitaka kumjibu hivyo hivyo, ila mtahini wa nje alikuwa ameshaanza kuandika, na mimi jasho lilikuwa limeniingia machoni.

Msimamizi huyu sisi wanafunzi tunamwita Bwana Tanbihi, maana hata akipiga chafya ataiwekea tanbihi. Miaka ishirini iliyopita alikuja uani kwetu na kamera, akamrekodi mama akicheza ngoma ya kikundi chao cha akina mama, mara moja tu, akaondoka. Akaandika makala kuhusu kusita kwa mguu wa kushoto, eti mwili wa mwanamke unakumbuka uchungu, sijui nini na nini. Makala hiyo ndiyo iliyompa uprofesa. Mama yumo humo kama "mtoa taarifa wa kike, umri wa makamo". Alikuwa na miaka thelathini na moja!

Na wiki ile mama alikuwa ameteguka kifundo cha mguu. Alikanyaga sabuni bafuni akateleza. Alikuwa anachechemea, basi, nadharia yote ndiyo hiyo.

Niliyaandika hayo kwenye tasnifu yangu, kurasa nne. Bwana Tanbihi akazipiga mstari mwekundu: "Chanzo hakijathibitishwa." Mama yangu mzazi, aliyeicheza ngoma hii tangu utotoni, hajathibitishwa. Damu ilinichemka.

Jopo likanipa wiki moja. Nilete uthibitisho au nicheze kwa kusita, la sivyo shahada ya uzamili niisahau.

Nikaenda nyumbani mbio. "Mama, njoo ucheze mbele yao kama unavyocheza siku zote. Wataona kwa macho yao."

"Na ukishamwumbua mwalimu wako, atakupa hicho cheti?"

"Atake asitake."

Mama akaguna, akaendelea kukunja nguo.

Siku ilipofika alivua viatu mlangoni mwa ukumbi. Bwana Tanbihi akainuka kumlaki, "Karibu sana, mama, karibu," kama vile ni mgeni wake yeye. Mama akamtazama, akaitazama kalamu ya mtahini, akanitazama mimi. Mpiga ngoma akaanza.

Hatua tano alizicheza vizuri mpaka nikasisimka. Ya sita, mguu wa kushoto ukasita. Nikadhani ameteleza. Raundi ya pili ukasita tena, na ya tatu, palepale.

"Hivi ndivyo mlivyokuwa mkicheza siku zote?" mtahini aliuliza.

"Ndivyo, mwalimu. Huyu mwanangu bado anajifunza. Mnisamehee."

Nikainuka nami nikacheza, nikasita walipotaka nisite. Nikafaulu.

Kwenye korido nilimshika mkono. "Umewadanganya, mama! Umeniaibisha!"

"Umefaulu, hujafaulu?"

"Nimefaulu, lakini ngoma je?"

"Ngoma nitaicheza nyumbani na wenzangu. Wewe punguza sauti, wasije wakabadilisha mawazo."

Akatangulia kushuka ngazi, haraka, miguu yote mizima.

Jumatatu nilizifuta zile kurasa nne kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuna aliyenisimamia. Nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta, na kwa mara ya kwanza haikuwa juu ya Bwana Tanbihi.