Mashahidi Wanane wa Hisa Mia Nne

Kila siku ya kazi Agnetha aliamka saa kumi na moja alfajiri, ingawa soko la hisa halikufunguliwa mpaka saa nne. Majirani zake wa Kitendaguro, waliozoea kuwaona wauguzi na waoka mikate wakitoka gizani, walishangaa kusikia kwamba binti huyu aliamka mapema namna ile ili asome tu. Alisoma kwa kalamu mkononi: matangazo ya kampuni, bei ya kahawa, thamani ya shilingi, habari za mvua. Kisha alipasha moto ndizi na maharage ya jana, akala, akateremka kwa miguu hadi mjini Bukoba, na ilipotimia saa mbili na nusu alikuwa ameketi mezani katika ofisi ya Mzee Burhani, juu ya duka la vitambaa.

Mzee Burhani alikuwa dalali wa hisa. Zamani alikuwa mhasibu. Babu yake alizaliwa Bukoba na yeye vilevile, na alikuwa mtu wa kofia safi na maneno machache yenye ncha. Alimchukua Agnetha kutoka dirishani pa chama cha akiba na mikopo huko Muleba, akampa miezi sita ya kujifunza. Mwisho wa miezi hiyo angeamua jambo moja: ama ampendekeze kwa mtihani wa leseni, ama amrudishe Muleba kwa heshima. Agnetha hakutaka kurudi, hata kwa heshima.

Kazi yenyewe aliipenda kuliko alivyotarajia. Kuanzia saa tatu simu zililia. Mwalimu mmoja mstaafu wa Maruku alipiga kila siku kuuliza bei ya hisa zake za benki, lakini kwanza aliuliza habari za wazazi, za mvua na za kikohozi alichowahi kukisikia kwa Agnetha mwezi uliopita. Kwa hiyo Agnetha alijifunza kumpigia yeye mapema, ili salamu ziishe kabla ya biashara kuanza. Saa nne maagizo yaliingia kwenye kompyuta. Upande mmoja zilipangwa bei za wanaotaka kununua, upande wa pili bei za wanaotaka kuuza, na pale bei mbili zilipokutana biashara ilifungwa bila muuzaji kumwona mnunuzi. Saa kumi alasiri soko lilifungwa, naye akaandika katika daftari kila alichokifanya na sababu ya kukifanya. Mzee Burhani alilisahihisha daftari hilo kwa wino mwekundu. Palipoandikwa "nilihisi", alikata mstari mzima.

Alikuwa na sharti moja zaidi. Mwanafunzi wake alipaswa kufanya biashara kwa akiba yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo, na kabla ya kununua aandike bei ambayo ikifikiwa atauza papo hapo, pasipo kubishana na moyo wake. Agnetha alinunua hisa mia nne za Saruji Kitopeni kwa shilingi mia sita na ishirini kila moja. Aliandika: "Zikishuka hadi 560, nauza." Kisha, kwa furaha, akampigia simu baba yake huko Buganguzi.

Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Baba huyo, Karugendo, alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, na habari ile aliielewa kwa njia ambayo mtu wa kwao angeielewa: mwanawe amenunua kipande cha kiwanda, kama watu wanunuavyo kibanja, shamba la migomba la ukoo. Na kibanja hakinunuliwi kimyakimya. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, aliwaita mashahidi wanane, akawaandalia rubisi, pombe ya ndizi, akamtaka binti yake asome stakabadhi kwa sauti. Kila mzee alitia sahihi kwenye karatasi ya mistari. Mwijage, mdogo wake Karugendo, aliuliza ni mmea gani uliopandwa kuonyesha mpaka. Agnetha alijibu kwamba hisa hazina mpaka, na Mwijage akatikisa kichwa kwa huzuni, akisema kwamba kesi za namna hiyo huwa ndefu sana.

Walicheka siku ile. Hata hivyo, kila mmoja aliyetia sahihi alijua jambo ambalo halikuwa na haja ya kusemwa: kilichonunuliwa mbele ya mashahidi hakiuzwi kwa mgeni, mpaka ukoo uwe umearifiwa na kupewa nafasi ya kukikomboa. Anayekiuka hilo hupita njia za nyuma kwenda kanisani.

Miezi mitano ilipita vizuri. Katika wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, siku ya Jumatatu, Saruji Kitopeni walitangaza kwamba tanuru lao limeharibika na kwamba wenye hisa hawatapata gawio la faida mwaka huo. Bei ilishuka hadi 555. Agnetha alilitazama daftari, akaiona 560 kwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuuza. Jumanne ikawa 545. Jumatano ikawa 535. Jioni ya siku hiyo aliandika kurasa mbili na nusu kuhusu mustakabali wa saruji katika nchi inayojenga. Mzee Burhani alizisoma zote, kisha akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Insha nzuri. Hisa bado zipo."

Asubuhi ya Alhamisi alimwita, akafunga mlango.

"Binti Karugendo, kununua unajua kuliko mimi nilipokuwa na umri wako. Sasa nieleze kwa nini huuzi."

Agnetha alifikiria kutaja tanuru, na uwezekano wa kutengenezwa kwake. Akaona aibu. "Wazee hawajaarifiwa," akasema.

"Wazee gani?"

Ikambidi asimulie yote: rubisi, stakabadhi, sahihi nane, na mmea wa mpakani. Mzee Burhani alivua miwani akacheka hadi machozi yakamtoka. Alipoivaa tena, hakuwa akicheka.

"Mimi pia nimezaliwa hapa," alisema, "na ninajua kibanja ni nini. Lakini kesho ni siku ya mwisho ya miezi yako sita. Siku moja utashika hisa za mjane, nazo zitaanguka, na hutakuwa na muda wa kuandaa rubisi. Soko likifungwa kesho ukiwa bado unazo hizo mia nne, sitakupendekeza. Sitakuchukia, lakini sitakupendekeza."

Siku hiyo soko lilifungwa bei ikiwa 530. Agnetha alipanda gari la Muleba, kisha pikipiki hadi Buganguzi, akawakuta wazazi wake nyumbani kabla ya chakula cha usiku. Karugendo aliposikia, hakugombana. Alituma watu wawaite wale wanane, kwa kuwa nyumba zao zote zilikuwa karibu, na kabla ndizi hazijaiva sebule ilikuwa imejaa.

Agnetha alisimama akaeleza kwamba bei imeshuka na kwamba lazima auze. Wazee walisikiliza kwa utulivu uliomtisha. Hatimaye Mwijage akasimama, akakohoa kidogo, akatangaza kwamba walikuwa wamekwisha kushauriana nje, penye migomba ya Karugendo, na kwamba ukoo haukuwa tayari kuona mali ya binti yao ikienda kwa mtu asiyejulikana. Wangeikomboa. Wangemrudishia alichotoa, shilingi mia sita na ishirini kwa kila hisa, asipungukiwe hata senti, na siku ambayo angepata nguvu angeirudisha kwake.

Agnetha aliketi. Hakuwa amelifikiria hilo. Jambo lote lilikuwa limetengenezwa mbele yake kama kitanda kilichotandikwa: angekuwa ameuza, angekuwa hana hasara, wazee wangefurahi, na Mzee Burhani angekuta hana hisa hata moja. Mama yake, Clotilda, alikuwa mlangoni ameshika mwiko, akimtazama.

"Baba mdogo," Agnetha akauliza, "kesho mkitaka kumuuzia mtu mwingine, mtapata ngapi?"

"Wewe ndiwe unayejua. Ndiyo maana tulikusomesha."

"Mtapata mia tano na thelathini, mkipata. Na mimi nadhani zitashuka zaidi. Ndiyo sababu ninaziuza." Alisimama tena. "Kibanja kikishuka thamani, migomba inaendelea kuzaa na watoto wanakula. Hisa hizi mwaka huu hazizai kitu. Siwezi kuwauzia wazee wangu kitu ninachokikimbia mimi mwenyewe. Nitaziuza kesho kwa mtu nisiyemjua, kwa bei ya kesho, na hasara itakuwa yangu."

Mwijage alimgeukia kaka yake, kama anayetaka kujua huyu ni mtoto wa nani. Karugendo alikuwa ameinamisha kichwa. Lakini baba yake alipoinua uso alikuwa na swali la mtu wa kawaida anayepanga kazi ya kesho.

"Mauzo hayo yana mashahidi?"

"Hayana, Tata. Ni kompyuta tu."

"Basi yatakuwa nao," alisema Karugendo.

"Na mle sasa," akasema Clotilda, "maana mnaondoka alfajiri na sitaki kusikia huko mjini kwamba mashahidi wangu walizimia kwa njaa."

Saa tatu na nusu asubuhi ya Ijumaa, wazee wanane waliovaa makoti ya kanisani walipanda ngazi za ofisi ya Mzee Burhani, Karugendo akiwatangulia. Viti vilikuwa vinne. Mzee Burhani, ambaye hakuwa amearifiwa, aliwapokea kana kwamba wamealikwa, akawaamkia mmoja mmoja, akaagiza kahawa. Kisha akaenda kusimama pembeni, mikono nyuma.

Saa nne ilipofika Agnetha aliweka agizo: kuuza hisa mia nne kwa 530. Wazee walisogea nyuma yake mpaka akahisi pumzi zao shingoni.

"Mnunuzi yuko wapi?" aliuliza Mwijage.

"Hajulikani, Baba mdogo. Anaweza kuwa Mwanza, anaweza kuwa Ulaya."

"Tutamsalimuje?"

"Hatumsalimu."

Minong'ono ya Kihaya ilipita nyuma yake. Mmoja wa wazee alishauri aanze na mia saba, ili mnunuzi apate cha kupunguza. Ndivyo wauzavyo watu wenye akili. Agnetha alieleza kwa upole kwamba mnunuzi hangepunguza, angepita tu. Robo saa ikaenda. Hakuna aliyenunua kwa 530. Upande wa pili palionekana mtu mmoja aliyetaka hisa mia nne, kwa 525, na nyuma yake 515, halafu pakawa patupu.

Agnetha aliona vidole vyake vimetulia juu ya kibodi, navyo havikutaka kutembea. Shilingi tano zaidi. Pengine angengoja hadi saa sita. Pengine tanuru lingekuwa limekwisha kutengenezwa, na habari ziko njiani. Alijisikia akianza kutunga kurasa nyingine mbili na nusu kichwani.

Akabadilisha 530 ikawa 525, akabonyeza.

Namba zile mbili zilikutana, zikatoweka. Jambo lote halikuchukua muda wa mtu kupiga chafya.

"Tayari," akasema.

"Tayari nini?" Mwijage aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona sijaona?"

"Zimeuzwa. Nimepoteza shilingi elfu thelathini na nane, bila kuhesabu ada."

Wazee waliondoa kofia, wote kwa pamoja, kama kando ya kaburi. Mzee Burhani alikuja taratibu, akasoma kioo, akafungua saraka ya meza na kutoa fomu ya mapendekezo. Ilikuwa imekwisha kujazwa, isipokuwa sahihi. Akaitia sahihi akiwa amesimama.

"Mtihani ni mwezi ujao, Dar es Salaam," alimwambia Agnetha. "Nauli ni ya ofisi. Usijisifu."

Karugendo alitazama fomu, akamtazama Burhani. "Mzee mwenzangu, nieleweshe. Mtoto amepoteza fedha mbele ya macho yetu, nawe unampa kazi?"

"Wanaojua kupata ni wengi, Mzee Karugendo, wanajaa hadi ngazini," Burhani akajibu. "Nilikuwa natafuta mmoja anayejua kuachia. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka mitatu na nyumba moja."

"Nyumba?" Mwijage alishtuka. "Yenye mashahidi?"

Hapo ndipo Karugendo alipoanza kucheka, cheko la tumboni ambalo Agnetha hakuwa amelisikia tangu siku ya rubisi, na wale wengine wakamfuata, hata mwenye duka la vitambaa akapanda kuuliza kuna heri gani. Mwijage alikuwa amekwisha kumshika Burhani mkono, akitaka kusikia habari za nyumba ile tangu mwanzo.

Simu ya mezani ililia. Alikuwa mwalimu wa Maruku. Agnetha alimwomba asubiri kidogo, akaziba simu kwa kiganja, akawageukia baba yake na mashahidi wake wote.

"Wazee wangu, nawashukuru sana kwa kuja," alisema. "Sasa naomba mnisubiri huko chini hadi saa kumi. Soko bado liko wazi."