Mafuta ya Mzazi

Wakati wa vita vya Hitla oili ya gia iliadimika, basi Dina akampa mumewe Eliaichi, dereva wa lori, mafuta ya kondoo ambayo mama mkwe alimwekea kibuyuni ya kunywa akijifungua. Kwa baridi ya milima ya Mbaga yaliganda vizuri kama grisi ndani ya giaboksi, na lori likateremka na kahawa kwenda Same.

Halikufika. "Gia zikipata moto, mafuta hayo huwa maji," fundi alimnong'oneza Dina matangani. "Chuma kiling'ang'ana na chuma, magurudumu yakakwama konani, lori likaenda naye bondeni."

Dina alipojifungua, mama mkwe alikikuta kibuyu kitupu, akachinja kondoo mwingine.

"Kunywa, mwanangu. Yale ya kwanza yalikwenda wapi?"

Dina akayabugia yangali yanachemka, yakamuunguza koo, ili asipate kujibu.