Fomu ya Majina ya Ng'ombe

Mwaka wa 1947 serikali iliamua ng'ombe wote wa Uasin Gishu wachanjwe dhidi ya sotoka. Uamuzi mzuri, tena wenye muhuri. Kuutekeleza nikaachiwa mimi, Khisa, karani wa mifugo Eldoret, pamoja na mwenzangu Wanyama, mchoma sindano, na rundo la fomu: jina la mwenye ng'ombe, idadi ya ng'ombe, kidole gumba.

Tulikaa Ainabkoi siku mbili. Hakuja hata ndama. Ugonjwa ulikuwa umeshafika Timboroa, na Jumamosi saa sita dawa ilikuwa irudishwe Nakuru. Nilichemka kwa hasira. Watu gani hawa wasiopenda ng'ombe wao?

Ijumaa jioni Mama Jepkosgei alipita na kibuyu chake cha maziwa, akaitazama fomu.

"Inauliza nini?"

"Uko na ng'ombe ngapi, Mama."

"Karani, hapa mtu hahesabu ng'ombe yake kwa mdomo. Ukihesabu, zinaisha."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mimi ni Mbukusu. Baba yangu alikufa bila kutaja idadi ya ng'ombe wake, na mimi, kwa kupewa kalamu ya serikali, nikajitia kusahau.

"Na majina, ziko nayo?"

Alicheka. "Ng'ombe bila jina ni ya nani?"

Nikakata neno "idadi" kwenye kila fomu, nikaandika "majina". Mama akaondoka kupeleka habari boma kwa boma.

Jumamosi asubuhi nilisikia kengele za ng'ombe kabla sijamaliza chai. Akina mama walikuja wakiita, "Chelel! Cheptui!" na kila ng'ombe akaitika jina lake na kusogea kwenye sindano. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi, nikicheka peke yangu kama mwehu. Saa sita Wanyama aliinua chupa ya mwisho. Tupu!

Jumatatu, kule Eldoret, Bwana Mifugo, mkubwa wangu Mzungu, alikunja uso. "Khisa, nilitaka idadi."

"Hesabu wewe, Bwana. Wewe si wa huku, haitakudhuru."

Akahesabu kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikimchezacheza. Kwenye jina la mwisho, mbele ya kidole gumba cha Jepkosgei, akasimama.

"Hapa pameandikwa Khisa. Ulijichanja na wewe?"

"Hapana, Bwana," nikasema. "Huyo ni ndama. Alizaliwa Jumamosi pale kwenye foleni."