Stima Iko Nakuja

Simsim yangu ilikataliwa Arua mara tatu, na mara zote tatu mnunuzi hakuitia hata mkononi. Nasuru aliinama tu juu ya gunia, akavuta pumzi, akajinyoosha. "Mama, hii nanuka petroli." Basi. Gunia la kwanza, la pili, la ishirini, maneno yaleyale. Nilimtukana njia nzima ya kurudi Koboko, nikisema peke yangu ndani ya gari la watu, mpaka dereva akaniuliza kama ni yeye ninayemsema.

Halafu siku moja nikatia pua yangu mwenyewe ndani ya gunia. Ilinuka kweli. Simsim, yaani ufuta, ina mafuta, na kitu chenye mafuta hunywa harufu ya jirani yake. Mimi nakaa Koboko, lakini mzigo naukusanya kwa wakulima wa kando ya Nile, upande wa Obongi. Kutoka hapo unapandishwa mto kwa boti hadi Rhino Camp, kisha lori linaupeleka Arua. Boti zote za mzigo zilikuwa za petroli, na petroli yenyewe ya magendo, imechanganywa na mafuta ya taa. Ilivuja kwenye mitungi, ikapita chini ya magunia, ikaishia mtoni. Pale gatini maji yalikuwa na rangirangi juu, na katikati ya rangi hizo ungemwona mama anachota ndoo ya kunywa na wanawe. Hilo nalo liliniuma. Ila sitajifanya mtakatifu: lililoniuma kwanza ni simsim.

Ndiyo maana niliposikia kuna mwanamke Arua anajenga boti ya mzigo isiyokunywa petroli, niliondoka Koboko asubuhi ileile.

Anaitwa Eyotaru. Kazi yake ni kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, za vinu na za pampu, na kazi hiyo aliisomea Kenya, miaka saba mjini Eldoret. Ni mwembamba, hana maneno mengi, na ukimwuliza swali la kijinga anakutazama mpaka unalijibu mwenyewe. Boti aliijenga kwa miaka minne. Ilikuwa ndefu na pana, paa lake lote ni sola, betri zake zimepangwa chini ya mbao, na mota aliisuka kwa mikono yake. Ilipowaka sikusikia kitu isipokuwa maji. Nilidhani haijawaka.

"Imewaka," akasema, akanitazama vile anavyotazama.

Shida ilikuwa gati. Boti isiyo na nafasi gatini haipakii mzigo, na mwenye neno juu ya nafasi hizo alikuwa Alionzi, mkubwa wa wenye boti za petroli. Alionzi si mtu mbaya. Alianza na mtumbwi mmoja na sasa ana boti sita, na hakutaka kuambiwa na fundi wa mota kwamba maisha yake yote yananuka. Tulimsumbua miezi mitano. Mwishoni kamati ya gati ikatoa masharti: Jumatano moja tu. Boti ipandishe tani sita kutoka Obongi hadi Rhino Camp, ifike kabla jua halijazama, bila tone la petroli, bila kuvutwa. Ikiweza, ina nafasi yake. Ikishindwa, itoke mtoni na isirudi tena.

"Miaka minne kwa siku moja," nilimwambia Eyotaru. "Umekubali?"

"Mimi nimekubali."

Mimi nilikuwa na magunia thelathini ya kilo mia. Yalihitajika sitini. Kwa hiyo Eyotaru, ambaye kusema kwake ni kazi ngumu kuliko kusuka mota, alikwenda redioni Arua kuomba mizigo. Nilimsikia nikiwa jikoni. Alisema hivi, na baada ya hapo akanyamaza mpaka mtangazaji akaweka muziki: "Jumatano stima iko nakuja Obongi. Watu ya Koboko, watu ya Arua, leta vitu yenu mapema."

Sasa, Kenya stima ni umeme. Kwa Eyotaru, boti ya umeme haikuwa na jina lingine. Lakini kwetu wazee wakisikia stima wanakumbuka meli kubwa ya zamani iliyopita Nile ikipiga filimbi. Na waliowahi kuhangaika Nairobi au Eldoret, ambao huku hawakosekani, wakisikia stima wanatazama juu kama nguzo zimefika. Neno moja tu, na wilaya nzima ikachanganyikiwa.

Jumanne nilipofika Obongi gati ilikuwa imejaa, moyo wangu ukafurahi. Niliposogea ukaanguka. Magunia mageni yalikuwa ishirini tu. Waliobaki walikuwa wamekuja na betri. Betri za gari, za kuwashia taa na redio nyumbani, zote tupu, zimefungwa juu ya pikipiki kwa mpira. Nikazihesabu: arobaini. Mbele yao alisimama Nora, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayechaji simu za watu kambini Omugo, na peke yake alikuwa na kumi na mbili.

"Dada, stima iko wapi?" akaniuliza. "Redio nasema tulete vitu mapema."

Pembeni yake aliketi bibi mmoja wa Adumi, Emilia, amevaa gomesi ya kanisani. Yeye hakuwa na betri. Alikuwa na kikapu na nauli mkononi.

"Mimi napanda stima," akasema. "Zamani mimi iko mutoto, natazama tu watu napanda. Filimbi yake iko wapi?"

Eyotaru alikuwa amejificha nyuma ya magunia. "Nimeharibu," akasema. "Tani tano tu. Na hii watu wote nimedanganya."

Hapo nilishikwa na hasira, na hasira yangu mara nyingine ina faida. Nikamwuliza betri zake za boti zina hali gani. Akasema zimejaa tangu asubuhi. Nikamwuliza sasa hilo jua lote linalopiga paani linakwenda wapi. Akanitazama vile anavyotazama, na safari hii nililijibu swali langu mwenyewe.

"Linapotea!" nikasema. "Watu wametoka Koboko kwa pikipiki na wewe unamwaga jua? Wajazie!"

Akawajazia. Alizipanga betri nne nne, akaziunga kwa nyaya, na kufikia jioni nyingi zilikuwa zimeshiba. Kesho yake alfajiri kamati ikapima mzigo. Tani tano. Alionzi akasimama juu ya boti yake ya petroli, kamba nene imezungushwa begani, akacheka.

"Tani moja nakosa! Weka hii betri yenu basi. Si nyinyi watu ya stima?"

Alisema kwa mzaha, na kamati nayo ikacheka. Mimi sikucheka. Niliuliza kama mzani unajua tofauti ya simsim na betri. Kamati ikakubali kwamba kilo ni kilo. Betri arobaini zikapandishwa mzanini, sindano ikafika tani sita kasoro kidogo sana, Emilia akapanda hapo na kikapu chake, sindano ikatulia mahali pake. Mzigo ulipoingia botini, Nora naye akaruka ndani. Alisema betri zake haziendi popote bila yeye, na wenzake wakamwachia za kwao, wao wafuate kwa pikipiki.

Tuliondoka jua likichomoza. Mto pale una nguvu, unakusukuma kifuani, lakini boti ilipanda polepole bila kelele, tukasikia ndege na viboko tuliokuwa hatuwasikii kamwe kwenye boti za Alionzi. Yeye alitufuata nyuma akinguruma, moshi wake ukimrudia usoni. Saa tano tulikuwa tumepita nusu. Nilianza kuimba. Nora akaimba na mimi, yeye kwa Kibari na mimi kwa Kikakwa, na maneno yalikuwa karibu yaleyale.

Saa saba wingu likaja. Si wingu la mvua, afadhali lingenyesha likapita. Lilikuwa zito na tambarare, likalala juu ya mto kama blanketi. Mota ikaendelea kwa betri za chini. Saa nane, saa tisa. Eyotaru hakutoa macho kwenye kipimo. Saa kumi boti ilikuwa inaushinda mkondo kidogo tu. Halafu ikasimama palepale, mti mmoja wa ukingoni ukabaki kandokando yetu, hauendi mbele wala nyuma.

Boti ya Alionzi ikasogea. Alikuwa ameshika kamba.

"Eyotaru! Mimi navuta wewe, hakuna aibu. Maji narudisha nyinyi Obongi."

Sijapata kumwona mtu akitaka kitu kama Eyotaru alivyotaka kuikataa kamba ile. Nami niliogopa, nasema wazi. Ni Nora aliyezungumza, tena kwa hasira, kwa sababu maji yalikuwa yanarusha matone juu ya mali yake.

"Dada, funika betri yangu! Iko na stima ndani!"

Eyotaru akageuka taratibu. Akazitazama betri arobaini, zilizopangwa bado nne nne, nyaya bado juu yake. Jua la Jumanne lilikuwa limelala mle ndani, kilo kwa kilo, tulikuwa tumelibeba kutwa nzima kama mzigo.

"Nora," akasema, "nakopa."

"Nakopa nini?"

"Stima."

Nora akazitazama betri zake, akamtazama Alionzi na kamba yake, akatema mate mtoni. "Chukua. Lakini utajaza tena!"

Eyotaru aliunga nyaya hadi kwenye mota, kwa meno na vidole. Mti ule wa ukingoni ukabaki nyuma. Alipoona hivyo alipiga kelele, yeye ambaye hasemi, na mimi nikamkumbatia Nora mpaka kilemba chake kikaanguka. Alionzi alibaki na kamba mkononi.

Tulipoona Rhino Camp wingu lilikuwa limepasuka upande wa magharibi na jua lilikuwa limebaki kipande cha juu ya miti. Watu walijaa gatini. Emilia akasimama katikati ya boti na gomesi yake.

"Stima haiingii bila filimbi," akasema. Akapandisha mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kilichovuka mto na kurudi, na gati nzima ikamjibu.

Alionzi alitutangulia kufika. Aliruka chini, akairusha ile kamba yake nene kwetu. "Funga na hii," akasema. "Hapa. Hii nafasi yenu." Ncha nyingine akaifunga mwenyewe kwenye nguzo, vifundo viwili, akaweka mguu kuona kama imekaza. Kisha, akijifanya anakohoa, akamwuliza Eyotaru mota moja anaisuka kwa muda gani.

Nora alikuwa tayari anagombana na dunia nzima kuhusu betri tupu. Eyotaru alimwahidi kuzijaza kesho asubuhi, za kwake kwanza.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Nasuru, aliyekuwa amekuja na lori lake kutazama kitakachotokea. Nikamvuta kwa mkono wa shati mpaka kwenye gunia, nikalifungua. Matusi nilikuwa nayo tayari, ya mwaka mzima. Akainama. Akavuta pumzi. Akakaa hapohapo, pua ndani ya gunia, akavuta tena.

"Mama," akasema, "hii nanuka simsim."

Matusi yote yakanipotea. Nikajikuta nalia mbele za watu.

"Nusa tena," nikamwambia. "Na useme kwa sauti, wasikie mpaka Koboko."

Akasema kwa sauti.