Mguu wa Mwenyekiti

Lazarus Otiende alikuwa fundi hodari pale mtaa wa Huruma, Eldoret, ila majisifu yake yaliuzidi ufundi wake. Kwa maneno yake mwenyewe, hakuna injini iliyowahi kumshinda, wala mkubwa aliyewahi kumtisha.

Siku moja aliletewa pikipiki ya magurudumu manne, ya pekee mjini kote. Mwenyewe alikuwa Bethwel Kipyego, mwenyekiti wa tawi la chama. Aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akihama Ainabkoi. Ng'ombe walipoiona walitimua mbio, watu wakapunga mikono, naye Kipyego akaamini wote wanamuunga mkono.

"Breki ya nyuma inashika yenyewe," akasema. "Halafu inanuka moto."

Otiende alifungua, akakuta pistoni ya breki imegandishwa na kutu na matope. Akaisugua, akabadilisha oili ya breki, akazungusha gurudumu likaenda bila kusita. Ndipo akamwambia mwenyekiti ajaribu. Kipyego alizunguka uwanja mara mbili huku mguu wake umelala juu ya pedali ya breki kama paka kwenye jiko. Moshi ukaanza.

"Mzee, huo mguu wako..." Otiende akaanza.

"Mguu wangu una nini?"

Vijana wa chama waliokuja naye wakaacha kutafuna mahindi, wakamkazia fundi macho.

"Hauna kitu, Mzee. Ni pedali. Imekaa juu sana."

"Hapo sasa umesema."

Basi Otiende akaiteremsha pedali, na mguu wa Kipyego ukaifuata huko huko chini.

Sikukuu ya Madaraka ilipofika, Kipyego aliongoza gwaride juu ya pikipiki yake. Alipofika mbele ya jukwaa, breki ikapata moto, magurudumu ya nyuma yakagoma kabisa. Akakaa wima, akapiga saluti. Nani angempita mwenyekiti? Bendi ikasimama, wanafunzi wakasimama, kina mama wa kwaya wakasimama. Bwana DC kuona vile naye akainuka, na jukwaa zima likainuka naye. Jua lilikuwa kali. Mwalimu mmoja alianguka, akaachwa pale pale, maana kumuinua ingekuwa kusogea.

Otiende alifuatwa na kijana wa chama, akaletwa mbio na spana mkononi. Akalegeza nati ya kutolea hewa kwenye breki, oili ikaruka ikalowesha suruali ya mwenyekiti, magurudumu yakaachia.

"Imekuwa nini?" Kipyego akauliza, saluti bado kichwani.

Otiende aliutazama ule mguu. Ulikuwa bado juu ya pedali.

"Ni joto, Mzee. Toa mguu kidogo ipoe."

Jioni, mkewe Benta alimuuliza kama alimwambia ukweli. Otiende akajibu kwamba joto nalo ni ukweli. Benta akacheka mpaka akakaa chini, na Otiende akakosa hamu ya chakula.

Mwaka uliofuata ratiba ya gwaride ilikuwa na jambo jipya: mbele ya jukwaa, kila mtu asimame kimya kwa heshima ya taifa. Kipyego alisifiwa kwa kuanzisha desturi hiyo, na Otiende alipiga makofi pamoja na wengine.