Meno ya Harasym

Tekla Vasilishin alikuwa na shida moja tu duniani, na shida yenyewe ilikuwa imekwisha kuzikwa: mumewe Harasym, Mungu amrehemu, hakuwahi kumchekesha mtu.

Kwingine hilo si kosa. Mtu akiwa mpole, mchapakazi, mwenye kuvua kofia mbele ya altare, watu huandika hivyo juu ya msalaba wake na mambo yakaisha. Lakini Nova Nyva, kijiji cha nyikani, wana desturi yao. Jumapili inayofuata Pasaka, theluji ikiwa bado imejificha mitaroni, kijiji kizima humiminika makaburini, na wanaoishi mbali hurudi na magari yao yenye matope. Hutandaza vitambaa vya nakshi juu ya makaburi, wakapanga mkate wa kusuka, mayai mekundu, soseji ya kitunguu saumu, na chupa ambayo padri hujifanya haioni. Padri hupita kaburi baada ya kaburi na maji ya baraka. Huimbwa "Kumbukumbu ya milele" mara tatu. Kisha mtu wa marehemu husimama, akasema jambo moja la kuchekesha ambalo marehemu alilifanya kweli. Watu wakicheka, kengele ndogo hulia na msafara ukasogea. Wazee walioivunja ile nyika kwa jembe la ng'ombe ndio walioliweka hilo. Walisema machozi yamekwisha kumwagwa siku ya maziko. Anayewaendea wafu na machozi ya pili anawanyima usingizi.

Kila mwaka kwenye kaburi la Harasym Tekla husimama, akashika ncha za kitambaa cha kichwa upepo usikichukue, akasema, "Alikuwa mtu mwema." Watu huangalia viatu. Mtu mmoja hukohoa. Padri hupiga kengele kwa huruma, nayo kengele ya huruma ina mlio wake. Tekla aliusikia hadi nyumbani.

Na kaburi la jirani lilikuwa la nani? La Prokip Koroluk! Prokip ambaye hata akikuuliza saa ngapi ulikuwa ukishika mbavu. Mjane wake Nastia alikuwa na ghala la visa, na kila mwaka alichota kipya, na watu wakacheka mpaka bata-maji wakaruka kwenye kidimbwi.

Sasa mwaka huo, Jumapili ya Matawi, Padri Bohdan akatangaza jambo. Alikuwa na parokia nyingi kuliko jozi za soksi, na gari lake lilikuwa limeanza kukohoa kuliko yeye.

"Makaburi yenye neno la kuchekesha nitayapitia moja moja," akasema. "Yasiyo na neno nitayabariki kwa jumla, pale langoni."

Tekla akamsubiri mlangoni mwa kanisa. "Kwa jumla, Padri? Kama kuku?"

"Bibi Tekla, Mungu anawajua wote kwa majina."

"Mungu najua anawajua. Wasiwasi wangu ni sisi."

Padri akambariki.

Basi Tekla alipitisha Juma Takatifu zima akitafuta. Alitafuta akikamua, alitafuta akikanda unga, hata kwenye kusujudu Ijumaa Kuu alijikuta anatafuta, ikabidi aombe msamaha palepale chini. Binti yake Sonia alipofika kutoka Saskatoon, Jumamosi ya mkesha wa kwenda makaburini, alimkuta mama yake amesimama mbele ya sufuria ya ngano na asali, mwiko mkononi, anaitazama ngano kama mtu anayemsubiri mwizi atoke.

"Mama, tunga moja tu," akasema Sonia. "Sema baba aliwahi kupanda nguruwe akaenda naye kanisani. Nani atauliza?"

"Niseme uongo juu ya kaburi la baba yako, halafu nile yai lililobarikiwa? Litanikwama hapa." Akajionyesha koo.

"Basi tafuta la kweli."

"Nimetafuta, mwanangu. Baba yako aliamka, akalisha ng'ombe, akala, akalala. Siku aliyokuja kunichumbia alikaa jikoni kwa mama jioni nzima, halafu akasema, 'Mvua inakuja.'"

"Ikaja?"

"Ikaja."

Sonia akaangua kicheko, akashika meza. "Mama! Hiyo hiyo! Sema hiyo!"

"Ina kichekesho gani? Nguo zote zilikuwa kambani." Tekla akageuza ngano. Lakini alikuwa anatetemeka midomo. Hakujua kama ni kucheka au kulia. Usiku alipopiga magoti alimwambia Mungu waziwazi: hataki makuu. Anataka kengele moja tu ya kweli kwa ajili ya Harasym, isiyo ya huruma, kabla hajasahaulika kama kabichi za mwaka juzi.

Jumapili ikaamka na jua na upepo. Ule upepo wa nyika hauna adabu. Ulinyanyua sketi za wanakwaya, ukauzima mshumaa wa padri kila alipouwasha, ukamvua mwimbishaji Onufriy kofia na kuipeleka wilaya nyingine. Na kindi wa mashimo walikuwa wametoka. Wamesimama wima kila mahali baina ya misalaba, mikono kifuani kama watawa kwenye sala, wakisikia hatua za watu wanazama shimoni, tii! Wamelitoboa eneo la makaburi kama chujio. Kila mwaka kamati ya kanisa huazimia kuwakomesha, na kila mwaka wao huzaana kabla kamati haijakutana tena.

Tekla alitandaza kitambaa chake juu ya kaburi la Harasym. Nastia, hatua chache tu pembeni, alikuwa anapanga mayai na kumtupia jicho.

"Shoga, vipi wako mwaka huu? Keshapata neno, au bado anafikiria?"

"Wako alisema yote, akamaliza na ya wangu," Tekla akajibu.

"Heh! Leo umeamkia wapi wewe?" Nastia akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema.

Msafara ukafika kwa Prokip kwanza. Maji ya baraka, wimbo mara tatu, na Nastia akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mnakumbuka tufani ile ya theluji, mtu hauoni mkono wake? Prokip akasema atafunga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi zizini, ili tusipotee tukienda kukamua. Akaenda, akafunga, akarudi anajisifu. Alfajiri akaishika kamba, anaifuata. Anaifuata, anaifuata. Anasema, 'Zizi limekuwa mbali leo!' Kumbe ile ncha ya zizini hakuifunga kwenye mlango wa zizi, aliifunga kwenye pembe ya ng'ombe, na ng'ombe ameshakwenda zake! Ile ncha ya nyumbani ilikuwa imeshafunguka. Akavutwa mpaka kwa akina Fedko hapa, akaingia jikoni kwao, theluji mpaka kwenye nyusi, akamwambia mke wa Fedko, 'Nastia, mbona umehamisha jiko?'"

Makaburi yakalipuka. Fedko seremala, mzee mwenye masikio mazito, alikuwa anapiga paja na kupiga kelele, "Kweli! Akanywa na chai!" Watoto walikuwa chini. Padri akainua kengele.

Na palepale, Onufriy mwimbishaji, aliyekuwa amerudi nyuma kwa kucheka, akatazama chini akaacha kucheka kama aliyemwagiwa maji.

"Yesu na Maria," akasema. "Prokip naye anacheka."

Kando ya msalaba wa Prokip palikuwa na shimo jipya la kindi. Mbele yake kifusi cha udongo mbichi, na juu ya kifusi, yametulia, yanang'aa kwenye jua, meno. Safu nzima ya juu, ya bandia, na ufizi wake wa rangi ya waridi.

Mwanakwaya mmoja akapiga yowe. Nastia akainama, akanyooka, akaweka mikono kiunoni.

"Haya si ya Prokip! Prokip alikufa na meno yake yote mdomoni, aliyavunjia karanga mpaka siku ya mwisho!"

Tekla alikuwa ameshasogea. Macho yake hayakuwa ya kukosea: katikati ya ufizi, palipopasuka, palikuwa pamezungushwa waya wa uzio, ukasokotwa kwa koleo, ncha ikapindwa ndani kwa adabu.

"Ni ya Harasym," akasema.

Watu wakasukumana kuyaona.

"Yamefikaje kwangu?" Nastia akauliza.

Hapo watu wakaanza kuhesabu majira kichwani, na kila mmoja akafika mahali pamoja. Waume wale wawili walikufa katika baridi ile ile mbaya, wakati ardhi ni chuma na shoka linaruka. Kama ilivyo ada, walisubiri mlegeo wa udongo. Na kwa kuwa ghala la ngano la Tekla ndilo lililokuwa kavu kuliko yote, majeneza yote mawili yalizikwa humo ndani ya ngano hadi majira ya kuchipua.

"Fedko!" Nastia akapaza sauti kwenye sikio la mzee. "Yale majeneza uliyatofautisha vipi?"

"Eh? Yalikuwa sawa kama mayai! Ubao mmoja, kipimo kimoja!"

"Na majina?"

"Niliandika! Kubwa kabisa! Kwa chaki!"

"Chaki," akasema Padri Bohdan, akafumba macho. "Ndani ya ngano. Miezi mitatu."

Nastia akamgeukia Tekla, uso umemwiva. "Yaani miaka yote hii, mimi nasimama hapa, namsimulia vichekesho vyangu mume wa mtu?"

Tekla akamtazama. Neno likaja lenyewe, hakulitafuta.

"Ndiyo maana hakuwahi kucheka," akasema.

Sonia ndiye aliyeanza, mlio kama wa birika. Kisha Nastia mwenyewe, akamwangukia Tekla shingoni. Kisha wote. Onufriy alikaa juu ya kaburi la mama mkwe wake na kuomba radhi huku anacheka. Padri alijaribu kukohoa, kwa heshima ya daraja lake, lakini chetezo mkononi mwake kilikuwa kinacheza na moshi ukatoka vipande vipande. Tekla alicheka mpaka akashika msalaba. Kilikuwa kitu kilichomtoka tumboni, hakukijua, kama kilichokuwa ghalani mwake siku zote.

"Tufukue tuhakikishe!" mtu akapiga kelele.

"Hafukuliwi mtu!" Padri akafuta machozi. "Nikamwambie nini askofu? Kwamba kindi ametoa ushahidi?" Akageuka. "Bibi Tekla. Tuko kwa Harasym sasa, au tulipo, sijui. Kuna neno?"

Tekla akashika ncha za kitambaa chake. Meno alikuwa nayo kiganjani.

"Haya aliyavunja kwenye mkate wangu, Pasaka ya kwanza baada ya kuyapata," akasema. "Niliuoka vibaya, ukawa jiwe. Nikamwambia twende mjini kwa daktari wa meno. Akatazama nje, akasema, 'Ngano kwanza.' Akachukua waya wa uzio na koleo, akakaa mlangoni, akayashona. Halafu akarudi mezani. Akaumaliza mkate wote. Akaniambia, 'Mzuri. Una nguvu.'"

Kicheko kilichokuja hakikuwa cha kuruka kama kile cha Prokip. Kilianza chini, kikapanda polepole, na ndani yake mlikuwa na "ah!" ya watu waliokuwa wanamwona Harasym kwa mara ya kwanza, ameketi mlangoni na koleo. Fedko aliyesimuliwa kwa nguvu sikioni alicheka mwisho, peke yake, na wote wakaanza upya.

"Nami nikayaweka mfukoni mwa koti lake la jenezani," Tekla akaongeza. "Nilisema kwenye karamu ya mbinguni asije akaona haya. Sasa naona huko mikate ni laini, ameyarudisha."

Padri Bohdan akapiga kengele. Akaipiga juu ya kaburi hili, akaipiga juu ya lile, kisha kwa furaha tu akaipiga tena hewani, na mlio wake ulikuwa mzima, hauna huruma hata tone.

Msafara ukasogea. Walijaribu kuimba kwa kaburi la tatu wakashindwa, wakaanza tena, wakashindwa. Nastia alipita akamfinya Tekla mkono.

"Mwaka kesho tunasimama katikati, mimi na wewe. Tunasema yote mawili, kila mwenye lake atachukua."

"Ukiwa na pumzi."

"Mimi? Mimi nitakuzika wewe, mdomo wewe!"

Tekla akabaki nyuma peke yake. Alipiga magoti kwenye shimo la kindi, akafanya ishara ya msalaba, akayasukuma meno ndani taratibu mpaka mkono ukaishia kwenye kiwiko. Kisha akavunja ganda la mkate wa kusuka, akalitia nalo. "Mwaka huu ni laini," akanong'ona.

Alikuwa hajasimama sawasawa alipoona kitu. Hatua chache pale, kwenye kaburi la pili, lenye msalaba wa Harasym, nyasi zilicheza. Kichwa kikachomoza, kikafuatiwa na mikono miwili kifuani. Mashavu yalikuwa yamevimba, na pembeni mwa mdomo lilikuwa linachungulia ganda la mkate wake, bado linang'aa kwa yai lililopakwa.

Tekla akatazama shimo hili. Akatazama lile. Akamtazama kindi, naye akamtazama, anatafuna kwa ibada.

Kwa hiyo ni njia moja kule chini, toka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Kwa hiyo chaki ya Fedko huenda haikuwa na kosa lolote. Kila mtu alikuwa kitandani kwake, na meno ndiyo yaliyotembea.

Alifungua mdomo awaite. Wote walikuwa kule mbele, Nastia anapunga mikono, tayari anamsimulia mtu upya. Tekla akaufunga mdomo wake, akaziba na kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Hakuwa anaficha kitu. Mungu anajua, na Harasym anajua, na wengine wataambiwa kwa wakati wake, hapahapa, mbele ya kengele.

"Tulia, mzee," akasema, akikunja kitambaa cha nakshi. "La mwaka kesho tunalo."