Ziwa Lililohamia Stokes Mills

Alhamisi moja ya Machi, Delphine Gagnon alitoka kwenda kumwaga majivu ya jiko akakuta ziwa kwenye shamba la nyasi nyuma ya nyumba yake. Lilikuwa limekuja zima zima, na barafu yake juu, na kibanda cha mvuvi katikati. Alimwaga majivu kwenye ngazi, palipokuwa na utelezi, kisha akaenda kulitazama.

Lilikuwa ziwa la Addingham, mji wa jirani. Mlango wa kibanda ukafunguka, akatoka Everett Crowell, fundi bomba wa Addingham, na chupa yake ya kahawa.

"Hapa ni wapi, mama?"

"Stokes Mills."

"Ahaa. Jimbo ni lile lile, basi leseni yangu ya uvuvi bado inafaa." Akarudi ndani kwenye tundu alilotoboa katika barafu ili avulie samaki.

Odette, mjukuu aliyelelewa na Delphine, alikuwa dirishani akivaa buti za shule. "Bibi, limekuja na samaki wake?"

"Limekuja na mvuvi wake. Samaki hawako mbali. Vaa kofia."

Delphine hakuwa na nafasi ya kulifikiria sana ziwa, maana Jumamosi ulikuwa mkutano wa mji, na mkutano huo ndio ungeamua kama shule ya Stokes Mills ifungwe. Pande zile kila mji huilisha shule yake kwa kodi ya nyumba zake wenyewe. Gharama ya shule hugawanywa juu ya thamani ya nyumba zote. Nyumba zikiwa ghali, kiwango cha kodi huwa kidogo na hakuna anayelia. Zikiwa duni, kiwango hupanda mpaka mtu ajiulize ale au alipe. Addingham, penye majumba ya ziwani ya watu wanaokuja kiangazi, kiwango kilikuwa cha chini kuliko kwingine kote, na shule ilikuwa na chumba cha muziki chenye piano. Stokes Mills, tangu kiwanda cha vibanio vya nguo kifungwe, walilipa kiwango cha juu kuliko wote, na darasa la tatu na la nne walisomea chumba kimoja, ndoo katikati yao kwa sababu ya paa. Kazi ya kumwaga ndoo ilikuwa ya Odette. Shule ikifungwa, watoto wangepanda basi kuvuka mlima, na Odette alikuwa mtoto wa kutapika garini hata safari ya kanisani. Delphine aliipenda shule ile. Alisoma pale yeye mwenyewe, kabla ya ndoo.

Jumamosi watu walijaa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, buti zikitiririsha theluji iliyoyeyuka. Delphine alileta chungu chake cha maharage matamu, kama kila mwaka, akapewa kadi ya njano ya kupigia kura. Ajenda ya mkutano hubandikwa mlangoni mwa posta majuma mawili kabla, na lisilobandikwa halizungumzwi. Kwa hiyo Roland Pinette alipoinuka kuuliza habari za ziwa, mwenyekiti, Harriet Pruitt, aligonga nyundo yake.

"Ziwa haliko kwenye ajenda."

"Lakini si lile pale nje, Harriet?"

"Nje lipo. Kwenye ajenda halipo. Keti, Roland."

Kiwango cha kodi, hata hivyo, kilikuwa kwenye ajenda, na Norwood Tuttle, mthamini wa nyumba, akaruhusiwa kusema.

"Siku ya kuhesabu thamani za nyumba ni Aprili mosi," alisema. "Nikilikuta bado lipo, nyumba zilizo kando yake ni nyumba za ziwani. Thamani ya mji itapanda, kiwango kitashuka karibu nusu, na shule itabaki, na paa jipya juu yake."

Watu wakapiga makofi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Na Addingham je?" mtu akauliza.

"Aliye juu mngoje chini!" akajibiwa kutoka nyuma, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Kwa muda mrefu walikuwa hawajacheka kwenye mkutano ule.

Delphine hakucheka. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kando ya maji, na thamani yake ndiyo ingepanda kwanza, na kodi pamoja nayo. Alimtazama Odette, aliyekuwa akila pai ya tufaha kwenye ngazi za jukwaa, na Harriet alipoita wanaotaka shule ibaki, akainua kadi yake. Aliona furaha, na hofu chini yake.

"Umeona ulichokiinulia kadi?" Norwood alimuuliza baadaye, sahani mkononi.

"Nimeona. Nyumba yangu naijua ilipo."

"Ungenyamaza tu, jirani."

"Mtoto atapike mpaka amalize shule? Chukua maharage, Norwood, yasipoe."

Akachukua, tena mara mbili.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Stokes Mills walilikabidhi ziwa jembe siku ya tatu, nalo likalima. Aprili mosi Norwood alifika, akachovya fimbo, akaandika kwamba ni maji. Kiangazi paa likaezekwa, na darasa la nne likapata mwalimu wake. Kiwango kilishuka, kama alivyosema. Nyumba ya Delphine ilikuwa na ngazi ile ile inayolia, lakini thamani yake ilikuwa imepaa, na punguzo la kodi kwa wazee maskini likakoma, kwa kuwa mwenye nyumba ya ziwani hahesabiwi maskini. Bili ilipokuja alikaa nayo mezani, akalia kidogo, kisha akaiuza nyumba kwa daktari wa meno kutoka Boston.

"Lina tabia ya kukaa, hili ziwa?" yule bwana aliuliza kwa adabu.

"Tangu lije limekaa."

Nyumba za bei ya kumfaa zilikuwa Addingham. Alinunua moja ndogo yenye gati la mbao lililosimama juu ya tope kavu. Sheria ni kwamba mtoto husoma katika mji anaolala, kwa hiyo Odette akaliacha paa jipya akaenda shule ya Addingham. Piano ilikuwa imeuzwa. Katikati ya darasa palikuwa na ndoo, na kwa kuwa Odette alijua namna ya kuibeba bila kumwaga njiani, mwalimu alimkabidhi.

Machi iliyofuata Delphine alipeleka chungu chake kwenye mkutano wa Addingham. Ajenda ilikuwa kufunga shule. Kiwango cha kodi sasa kilikuwa cha juu kuliko kwingine kote. Everett Crowell, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwake, aliinuka akataka kuuliza habari za ziwa.

"Haliko kwenye ajenda," alisema mwenyekiti wao, na Everett akaketi.

Odette alimvuta bibi yake mkono. "Bibi, ziwa likirudi huku, shule hii itapona?"

"Itapona."

"Na sisi?"

"Sisi tutarudi Stokes Mills, kwenye ndoo yetu," akasema Delphine. Mwenyekiti akaita wanaotaka shule ibaki. Kadi za Addingham zilikuwa za kijani. Akainua ya kwake.